Nanga ya kilo ngapi? Kuchagua nanga na mnyororo kwa mabwato ya Ziwa Albert



Kila mara tunaposhuka Kasenyi ao Tchomia juu ya mambo ya kukausha na kuhifadhi mavuno, kuna swali moja linarudi kisha mkutano, wakati watu wanakunywa maji na kuanza kuagana. Mwenye bwato anatukaribia na kuuliza: nanga yangu iko ya kilo makumi mbili, inatosha? Mwingine anauliza kama anunue mnyororo mzito ao mwepesi. Sisi ni watu wa shamba, tumesomea udongo na mbegu. Lakini koperativa nyingi za Djugu, Irumu na Mahagi zinapitisha mahindi, maharagi na unga wa muhogo kwenye ziwa, zaidi sana wakati barabara haiendeki, na hasara ya majini ni hasara ya mavuno kama ile ya panya na ya ukungu. Tumeona kwenye mchanga bwato yenye ilikuwa imelala salama jioni, asubuhi ikakutwa imelala ubavu, magunia ya maharagi yakiwa yamevimba ndani ya maji. Ilikuwa na nanga. Tena nanga nzito. Njo maana tunaandika.

Jibu letu kwa kifupi: kilo za nanga peke yake hazisemi kitu. Kinachoshika bwato ni vitu vitatu pamoja, yaani umbo la nanga, urefu wa kamba, na mnyororo kidogo katikati ya vile viwili. Mtu akiwa na pesa kidogo ya kuongeza, aiweke kwanza kwenye kamba, kisha kwenye nanga, na mwisho kabisa kwenye uzito wa mnyororo. Watu wengi wanafanya kinyume.

Upepo unavuta kilo ngapi

Ziwa letu liko na urefu wa karibu kilometa 160 na upana wa karibu 30. Upepo ukitoka mbali juu ya maji kama hayo, unakuja na mawimbi yenye yameshapata nguvu njiani. Mchana upepo mara nyingi unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mvua kubwa ikija, inaleta upepo wake yenyewe bila kuuliza ni saa ngapi. Kwa hiyo bwato yenye iliwekwa vizuri saa kumi na mbili ya jioni inaweza kuvutwa upande mwingine kabisa saa nane ya usiku.

Sasa tuhesabu. Tuchukue bwato ya mbao ya meta 12, upana meta 2, imepakia magunia na kufunikwa na shitingi, mzigo na ukuta wa bwato vinasimama meta moja na nusu juu ya maji. Uso wenye unapokea upepo kwa mbele ni meta za mraba 3. Kwenye kimo cha ziwa letu, kama meta 615 juu ya bahari, upepo wa kilometa 36 kwa saa unasukuma karibu kilo 5 na nusu kwa kila meta ya mraba. Huo ni upepo wenye unaonyesha povu jeupe karibu kila mahali ziwani. Mara 3, tunapata kilo 16 ao 17. Si mingi, mtu mmoja anaweza kuishika kwa mikono.

Upepo ukifika kilometa 72 kwa saa, yaani mara mbili, watu wanafikiri nguvu pia inakuwa mara mbili. Hapana. Inakuwa mara nne. Huo ni upepo wa dhoruba, wenye unavunja matawi madogo ya miti na mtu anatembea kwa shida akiukabili. Unasukuma karibu kilo 22 kwa kila meta ya mraba, kwa bwato yetu ni kilo 66. Tena bwato haikai imenyooka mbele ya upepo: inayumba kushoto na kulia, na kila mara inaonyesha ubavu wake, na ubavu ni mkubwa kuliko uso mara nyingi. Ongeza mawimbi yenye yanaivuta kwa kishindo. Sisi tukipiga hesabu kwa bwato kama hiyo tunaweka kilo 200, na hatuoni kama tumezidisha.

Jiwe, sima, na chuma chenye kinachimba

Rudi sasa kwa yule mwenye nanga ya kilo makumi mbili. Swali letu la kwanza kwake ni: ya kitu gani? Juu kila kitu kikiingia majini kinapoteza uzito, na havipotezi sawasawa. Jiwe la kawaida linapoteza zaidi kidogo ya theluthi moja. Sima yenye imemwagwa ndani ya bido ya zamani inapoteza zaidi, karibu sehemu mbili juu ya tano. Chuma kinapoteza kidogo tu, kama kilo 13 juu ya 100. Jiwe la kilo 30 lenye linaumiza mgongo wa kijana kwenye bwato, likifika chini ni la kilo 19.

Na jiwe halichimbi. Linakaa tu, linashika kwa kukwaruza. Hata tukiwa wakarimu na kusema linashika sawa na uzito wake wote wa majini, ni kilo 19. Kwa upepo wa kilometa 36 linabaki pale pale, kwa shida. Kwa dhoruba ya kilo 200 ungehitaji mawe zaidi ya kumi ya namna hiyo. Ndiyo ile bwato yenye tuliona kwenye mchanga: ilifungwa kwa bido ya sima, watu wote walikuwa wanaisifu vile iko nzito.

Nanga yenye inachimba ni kitu kingine. Hiyo haishiki kwa uzito wake, inashika kwa udongo wenye uko mbele yake. Ikiingia vizuri kwenye mchanga mgumu, nanga nzuri inashika zaidi ya mara 10 ya uzito wake, na mara nyingine mara 20 na kupita. Kwenye matope laini inashika pungufu. Chuma cha kilo 15 chenye umbo la kuchimba kinaweza basi kusimamia kilo 150 mpaka 300, mahali ambapo jiwe la uzito mara mbili linasimamia 19.

Wakulima wataelewa hii mbele ya wavuvi. Mtu haweki jembe zito juu ya ardhi na kungoja ichimbike. Ni ncha, pembe na mvuto. Na si mfano wa bure: mwaka 1933 Mwingereza mmoja mwenye elimu ya fizikia, Geoffrey Taylor, alitengeneza nanga yenye umbo la jembe la kukokotwa na ng'ombe, na mpaka leo nanga za namna hiyo ziko kwenye mashua za dunia nzima. Miaka michache baadaye, Marekani ikaleta ile ya mabamba mawili bapa, na ilitumika sana kwenye mashua za kushusha askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, juu ilikuwa nyepesi na inashika vikali.

Kwetu Bunia nanga yenye watu wanapata kwa urahisi ni ile ya vidole vinne, mafundi wa kuchomelea vyuma wanaitengeneza kwa feri ya beto. Kwenye mawe ni nzuri. Kwenye matope ni kama uma ndani ya uji, vidole vinapita na hakuna kitu kinashikwa. Kama hiyo njo yenye mko nayo, msiitupe. Mwambie fundi achomelee kwenye ncha ya kila kidole kipande cha bamba la chuma, ukubwa wa kiganja cha mtu, chenye ncha mbele. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Mkiwa na fundi mwenye mkono mzuri, aagizwe ile ya mabamba mawili. Jambo moja asikosee: pembe kati ya mabamba na mti wa nanga. Kwa mchanga, digri 30 ao zaidi kidogo. Kwa matope laini, karibu digri 45. Mafundi wengi wanaiweka wazi sana, karibu digri 90, wakifikiri itashika kama ndoana. Kwenye mchanga inakataa kuingia, inateleza juu tu. Ubaya wa nanga hii ni kwamba upepo ukigeuka kabisa inaweza kung'oka, na jiwe likikwama katikati ya mabamba haichimbi tena. Ulale ukijua hivyo.

Ukubwa, kwa mabwato yenye tunayaona hapa: mtumbwi wa meta 6 unatosheka na nanga ya kuchimba ya kilo 6 mpaka 8. Bwato ya meta 8 ao 9, kilo 10 mpaka 12. Bwato ya mzigo ya meta 12, kilo 18 mpaka 20. Kama bwato yako iko katikati ya saizi mbili, chukua ile kubwa. Kama inapakia mzigo mrefu juu, shitingi ikisimama kama nyumba, hesabu kama bwato kubwa zaidi, juu upepo hauangalii urefu wa mbao, unaangalia uso.

Mnyororo: mzito kiasi gani?

Hapa njo kuna mabishano mengi. Tunasema mnyororo, watu wengi wanaita shene, na tafadhali si shene ya pikipiki. Ile ina vipande vyembamba vyenye kutu inakula ndani bila wewe kuona.

Mnyororo unafanya kazi tatu. Unaweka mvuto wa nanga chini, sambamba na udongo. Unalindia kamba isikatwe na mawe. Na bwato ikivutwa kwa kishindo, uzito wake unalegeza kishindo kidogo. Kazi ya kwanza na ya tatu watu wanazijua na wanaziamini kupita kiasi. Ni kweli kabisa upepo ukiwa mdogo: mnyororo unalala chini, bwato inacheza nayo, nanga haisikii kitu. Lakini chukua mnyororo wa milimeta 8. Meta moja ni kama kilo 1.4. Meta 6 ni kilo 8 na kidogo, majini ni kilo 7. Ile dhoruba ya kilo 200 ikivuta, kilo 7 zitafanya nini? Mnyororo unanyooka kama fimbo. Wakati unauhitaji zaidi, uzito wake hauko tena.

Mtu anasema, basi nitanunua wa milimeta 10. Huo ni kilo 2.3 kwa meta, meta 6 zinakuwa karibu kilo 14. Umeongeza kilo 5 na nusu za chuma. Kwa dhoruba, hizo kilo zinakupa nguvu ya kukwaruza ya kilo chache tu. Kilo hizo hizo ungeziweka kwenye nanga, kutoka 15 kwenda 20, zingekupa kilo 50, pengine 100 ao zaidi, za kushika. Mzigo kwa kijana mwenye anavuta ni ule ule. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi kati ya mnyororo mnene na nanga kubwa, chagua nanga kubwa.

Na kuvuta ni jambo la kufikiria. Mabwato yetu hayana mashine ya kupandisha nanga, ni mikono. Tumekutana na mwenye bwato alitaka mnyororo tupu bila kamba, meta 20 za milimeta 10. Ukiwa kwenye maji ya meta 15, kijana anaanza kuinua nanga kutoka chini akiwa na meta 15 za mnyororo zikining'inia, kilo 30 za majini, juu ya kilo 17 za nanga yenyewe. Saa tisa ya usiku, mvua, bwato inapanda na kushuka. Atafanya mara moja. Mara ya pili atamwambia kapiteni (tunasema mtu, si samaki) kwamba nanga si lazima leo, tufunge tu kwa bwato ya jirani.

Tunachoshauri basi: milimeta 8 kwa mabwato ya meta 8 mpaka 12, urefu meta 5 ao 6. Kwa mtumbwi, milimeta 6 na meta 3 zinatosha, lakini ule wa milimeta 6 unakwisha haraka kwa kutu, uuangalie kila miezi michache. Unapopima dukani, pima unene wa chuma chenyewe cha pete, si upana wa pete nzima. Kuna wauzaji wanasema nane wakipima pete.

Kuna mahali mbili tu ambapo tunasema ongeza mnyororo bila kusita. Moja ni kwenye mawe. Kutoka Tchomia kwenda kaskazini milima inakaribia maji, kina kinashuka haraka na chini kuna mawe. Hapo mnyororo uwe mrefu kama bwato yenyewe, meta 10 ao 12, juu kamba ikisuguliwa usiku mzima kwenye jiwe itakatika hata iwe mpya. Mahali pengine ni bandarini penye mabwato yamebanana na hauna nafasi ya kutoa kamba ndefu. Kamba ikiwa fupi, uzito wa mnyororo unasaidia kuweka mvuto chini. Inasaidia kidogo, haimalizi shida.

Kamba ndiyo watu wanasahau

Wale wenye wamelima na ng'ombe wanajua: mnyororo wa kukokota ukiwa mfupi, jembe linainuka na kukwaruza juu juu. Ukiurefusha, jembe linaingia chini. Nanga iko vile vile. Kamba fupi inaivuta kwenda juu na kuing'oa. Kamba ndefu inaivuta kwa kulala na kuizidisha kuchimba. Unaweza kuwa na nanga ya pesa mingi na mnyororo mpya, na kamba fupi ikaharibu vyote.

Hesabu ni hii. Pima kina cha maji, ongeza kimo kutoka maji mpaka pua ya bwato penye kamba imefungwa, kisha zidisha. Kupumzika saa moja mchana upepo ukiwa mdogo, mara 4. Kulala usiku na mzigo, mara 7. Dhoruba ikija, toa yote yenye uko nayo, mpaka mara 10. Mnyororo unahesabiwa ndani ya urefu huo. Mfano: maji meta 4, pua ya bwato meta 1 juu ya maji, jumla 5. Mara 7 ni meta 35.

Tunapouliza mabwato iko na kamba ya meta ngapi, jibu la kawaida ni kumi na tano, ishirini. Na wanalala nayo kwenye maji ya meta 6. Hiyo haifiki hata mara 3. Kamba ya meta 50 na mnyororo wa meta 6 vinakuruhusu kulala vizuri kwenye maji mpaka meta 7, na hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya mchanga wa Kasenyi, ambako maji hayaendi chini haraka. Kina unapima na kamba nyembamba yenye fundo kila meta 2 na kajiwe mwisho wake. Usikadirie kwa macho, zaidi sana tangu ile miaka ya 2020 na 2021 maji yalipopanda na kufunika nyumba na miti ya pembeni: penye wazee wanasema ni meta mbili pamebadilika, na visiki viko chini.

Kuhusu aina ya kamba, sokoni kila kamba ya plastiki inaitwa nailo. Chukua kipande, weka ndani ya ndoo ya maji. Ikielea, si nailoni ya kweli. Nailoni inazama, na inavutika kama mpira, njo maana inapokea kishindo cha wimbi vizuri kuliko mnyororo wowote. Ile yenye inaelea inavutika pungufu kuliko nailoni, jua linaikausha na kuivunja nyuzi, na usiku moteri ya bwato yenye inapita inaikata. Kama hakuna nyingine, nunua nene zaidi, funga kajiwe meta tatu ao nne kutoka pua ili ishuke, na uibadilishe kabla haijaanza kutoa vumbi mikononi. Unene: milimeta 12 kwa bwato ya meta 8, milimeta 14 ao 16 kwa ile ya meta 12. Kumbuka fundo linaweza kupunguza nguvu ya kamba karibu nusu, kwa hiyo kamba yenye mafundo matano njiani ni kamba ya zamani hata kama ilinunuliwa jana.

Penye kamba inaungana na mnyororo, weka kifungo cha chuma chenye umbo la U na bulo, na bulo yake uifunge kwa waya isijifungue. Ni kitu kidogo, lakini mnyororo mzuri umeshabaki chini ya ziwa juu ya bulo moja.

Namna ya kuitupa

Kwanza, usiitupe. Shusha. Bwato ielekee upepo, isimame, nanga iteremke mpaka iguse chini, kisha bwato irudi nyuma polepole wakati kamba inatolewa. Ukirusha nanga na mnyororo kwa fungu moja, mnyororo unaiangukia nanga na kuizungushia, asubuhi unavuta kifurushi. Kisha kutoa kamba yote, funga, na urudishe moteri nyuma kwa nguvu ndogo, kisha zaidi. Weka mkono juu ya kamba mbele ya pua. Ikitetemeka na kurukaruka, nanga inakwaruza, haijashika, anza upya. Ikikaza na kutulia, angalia vitu viwili vya nchi kavu vyenye vimepangana, mti na nyumba, kama vinabaki vimepangana dakika kumi. Zamu ya usiku iangalie taa mbili kwa namna hiyo hiyo.

Kwenye mawe na visiki, funga kamba nyembamba upande wa vidole vya nanga, na bido tupu juu yake. Nanga ikikwama, unaivuta kwa upande wa nyuma na inatoka. Hiyo inaokoa nanga nyingi, na vijana hawana haja ya kupiga mbizi.

Moteri ikizimika katikati ya ziwa ni jambo jingine. Ziwa linapita meta 50 mahali penye kina zaidi, na kamba ya meta 50 haiwezi kushika kitu huko. Hapo funga kwenye pua ya bwato, na kamba ile ile, ndoo mbili ngumu ao gunia lenye mdomo wazi, uache vielee mbele. Havisimamishi bwato, lakini vinaizuia isigeuke ubavu kwa mawimbi, na ni ubavu njo unajaza maji. Ukisogea mpaka penye kina kidogo, shusha nanga kabla ya kufika kwenye mawe.

Uzito wa vifaa hivi vyote, nanga, mnyororo na kamba iliyolowa, ni karibu kilo 40 kwa bwato kubwa. Mhesabu ndani ya mzigo, nusu gunia la mahindi libaki pwani. Tunasema hivi tukikumbuka tarehe 22 Machi 2014, wakati bwato yenye ilikuwa inarudisha wakimbizi Wakongo kutoka Uganda ilizama kwenye ziwa hili na watu zaidi ya 200 wakafa. Hakuna nanga inasaidia bwato yenye imepakiwa kupita kiasi.

Kwa koperativa zenye zinakodi bwato

Wengi wenu hamna bwato, mnalipa mtu. Basi kazi yenu ni kuangalia kabla ya kupakia. Mwenye bwato aseme nanga yake iko ya kilo ngapi na ya umbo gani, ashushe kamba yote kwenye mchanga na mtu wa koperativa aipime kwa hatua: mtu mzima anafanya hatua 50 kubwa kwa karibu meta 45. Shika kamba uikunje na uisugue. Ikitoa vumbi, haifai kulala nayo. Angalia kama mwisho wa kamba upande wa bwato umefungwa kweli kwenye ubao wenye nguvu, si kwenye benchi ya kukalia. Akikosa kimoja, mnaweza kukubaliana asilale ziwani, yaani asafiri mchana tu na kushusha mzigo siku hiyo hiyo. Andikeni hiyo kwenye karatasi ya makubaliano pamoja na bei.

Mahindi yenye yalikaushwa chini ya asilimia 13 na kulowa usiku mmoja, yanaanza kuota ukungu ndani ya siku chache, na ukungu fulani unaleta sumu yenye haiondoki kwa kupika. Magunia yenye yamelowa yatengwe, yaanikwe upya siku hiyo hiyo, na yasichanganywe na yale makavu hata mnunuzi akiwa anangoja kwenye gati.